Jengo Lako Hulala Peke Yake

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni, mwezi huu wa Oktoba, mbele ya wenye biashara na viongozi wa makanisa wanaozungumza Kiswahili hapa Minnesota. Wengi walikuwa kwenye zamu wakashindwa kuja, wakaniomba niiandike. Nimeiweka kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, wachungaji mlioacha maandalizi ya ibada ya kesho mkaja kunisikiliza, asanteni sana.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Jana usiku, nani alilala kwenye duka lako?

Mnatazamana. Hakuna aliyelala huko, na ni haki, maana kila mmoja ana kitanda chake. Lakini swali hilo ndilo limenileta hapa, na nitaliuliza tena na tena mpaka mlichoke: nani analala na jengo lako?

Nyumbani kwako bomba likipasuka saa nane za usiku, utasikia. Hita ikizimika, baridi ya puani itakuamsha, au mtoto atakuja kukuvuta blanketi. Nyumba ina watu, na watu ndio walinzi wake. Sasa nenda kwenye saluni yako, duka lako la vyakula, ofisi yako ya huduma za wazee, kituo chako cha kulelea watoto, kanisa mnalokodi. Jumamosi saa moja jioni mnafunga mlango, mnazima taa, mnakwenda. Jumatatu saa mbili asubuhi mnarudi. Hizo ni saa 37. Saa 37 jengo liko peke yake na baridi, na baridi ya hapa haina Jumapili.

Mimi nimezaliwa Njombe. Nilipokuja huku nilijisifu kwamba najua baridi. Kwetu mwezi wa saba unaamka unakuta sakitu nyeupe juu ya majani ya viazi, na mama anaomboleza shamba lake. Nilidhani hiyo ndiyo baridi. Leo ni mwaka wangu wa kumi na sita nikitunza majengo ya watu hapa, nina leseni ya jimbo ya kuendesha boila, ule mtambo wa maji ya moto unaopasha jengo joto, na nawaambia kwa heshima zote: ile ya Njombe ilikuwa salamu tu.

Mnakumbuka tarehe 30 Januari 2019? Naona mikono. Asubuhi ile Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 28 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani 33 chini ya sifuri za Selsiasi. Ukichanganya na upepo, mwili ulihisi zaidi ya 50 chini ya sifuri za Farenhaiti. Shule zilifungwa. Posta ilisimamisha kusambaza barua. Kampuni ya gesi iliwaomba wateja wake washushe joto majumbani ili gesi iwatoshe wote.

Usiku wa kuamkia siku ile nililala kazini. Hakuna aliyenituma. Lilikuwa jengo la ofisi la ghorofa nne, nikatandika maboksi kwenye chumba cha boila, nikajifunika koti. Mtu aliyezoea jengo hulisikia kama mama anavyosikia pumzi ya mtoto. Kuna mvumo wa feni za juu, kuna boila inayowaka na kupumzika, kuna maji yanayozunguka. Saa tisa usiku nikaamka, na kilichoniamsha ni kimya. Feni moja ya juu ilikuwa imenyamaza.

Nikapanda na tochi. Sasa nisikilizeni vizuri. Mashine kubwa ya kupashia hewa huwa na dirisha la kuvutia hewa safi kutoka nje, na dirisha hilo lina vibati vilivyopangwa kama ngazi, vinavyofunga na kufungua vyenyewe. Nyuma yake kuna vibomba vyembamba vyenye maji ya moto. Vibati vile vilitakiwa viwe vimefunga kabisa. Kimoja kilikwama kikiwa wazi, upana wa kidole changu hiki cha shahada, kwa sababu bawaba yake ilikuwa imeshika kutu. Kidole kimoja tu! Hewa ya nyuzi 33 chini ya sifuri ilikuwa inapenya hapo kama kisu na kupiga moja kwa moja kwenye vibomba vya maji. Swichi ya usalama ilikuwa imeshazima feni, lakini upepo haukuhitaji feni. Nilipogusa fremu ya chuma kwa mkono mtupu, ngozi ilinata. Nikavuta kibati kwa koleo, nikakifunga kwa waya, nikaziba mwanya wote kwa maboksi niliyokuwa nimeyalalia. Maji yakaanza kupita tena. Vibomba vilipona.

Ningekuwa nimelala nyumbani, maji yangeshuka ghorofa nne hadi asubuhi. Na dawa ya tatizo lile ilikuwa nini? Tone la mafuta kwenye bawaba, mwezi wa kumi. Tone la mafuta, na mtu wa kufika pale juu akalidondoshe. Mimi ndiye niliyetakiwa kufika. Nilipita mwezi wa kumi nikatazama mashine, sikuvitikisa vibati. Tangu siku ile kila kinachofungua na kufunga nakifungua na kukifunga kwa mkono wangu kabla theluji haijaanguka.

Ndugu zangu, hamwezi wote kulala kwenye maboksi. Siwaombi hivyo. Ninachowaomba ni kwamba mwezi huu wa Oktoba mliandae jengo kwa zile saa ambazo hamtakuwepo. Kuna mambo makubwa matatu, na madogo nitayapitia haraka.

La kwanza ni maji.

Nimekuja na kitu mkononi. Hiki ni kipande cha bomba la shaba. Naomba kipite kwa kila mtu, kutoka kwa mzee hapa mbele mpaka kwa vijana waliosimama mlangoni. Kiangalieni ubavuni. Mnauona ule ufa? Haufiki urefu wa kidole gumba. Kingo zake zimefumuka kwa nje, kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini. Gusa uone, lakini polepole, zinakata.

Ufa huo mdogo ulifunga saluni ya dada mmoja kwa majuma tisa.

Dada huyu alikuwa mchapakazi, na alikuwa mwangalifu na hela yake. Kila Jumamosi alishusha joto hadi nyuzi 45 za Farenhaiti, yaani kama 7 za Selsiasi, ili kuokoa bili. Alifikiri, nani atahisi baridi humo? Sinki za kuoshea nywele zilikuwa kwenye ukuta wa nje, na bomba lake lilipita ndani ya kabati lenye milango iliyofungwa. Kwa hiyo chumba kilikuwa na nyuzi 45, lakini ndani ya kabati, kwenye kona ile ya ukuta wa nje, hakukuwa na joto hilo hata kidogo. Jumapili baridi ikashuka. Jumatatu alipofungua mlango, maji yalimpokea kizingitini, na viti vyake vya kusukia vimesimama ndani ya dimbwi.

Maji yakiganda yanatanuka, yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Hilo mnalijua, aliyewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza analijua. Wengi wasilolijua ni kwamba mara nyingi bomba halipasuki palepale penye barafu. Barafu inafanya kazi ya kizibo. Inakua, inasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa, na maji hayana pa kwenda. Shinikizo linapanda mpaka bomba linakubali kushindwa, na linaweza kushindwa mahali penye joto kabisa. Ndiyo maana nasema fungua koki kidogo usiku wa baridi kali, maji yachuruzike kama uzi. Maji yanayotembea huchelewa kuganda, lakini faida kubwa ni kwamba shinikizo limepata mlango wa kutokea.

Basi fanyeni hivi. Joto lisishuke chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, yaani 13 za Selsiasi, hata kama jengo ni tupu. Milango ya makabati yenye mabomba ibaki wazi mnapoondoka. Panda ngazi, inua vibao vyeupe vya dari, tazama mabomba yaliyoko juu. Kuna ile sufi ya waridi ya kuzuia baridi, inayowasha mikono. Nimeikuta mara nyingi imewekwa chini ya bomba, kati ya bomba na chumba. Aliyeiweka alidhani anasaidia, kumbe amelinyima bomba joto la chumba akaliacha na baridi ya paa. Sufi inatakiwa ikae upande wa baridi, bomba libaki upande wenu.

Na sasa lile swali langu la pili. Koki kuu ya maji ya jengo lako iko wapi?

Anayejua ainue mkono. Nahesabu... Saba. Tuko zaidi ya sitini humu ndani, na waliojua ni saba. Sisemi hivi kumwaibisha mtu. Dada wa saluni naye hakujua. Alisimama ndani ya maji akipiga simu kwa mwenye jengo, simu haipokelewi, na maji yanaendelea. Dakika arobaini! Hasara kubwa ilitokea ndani ya dakika zile, mbele ya macho yake, na koki ilikuwa nyuma ya ukuta, kwenye stoo ya jirani yake.

Kama unafunga kwa siku nyingi, tuseme Krismasi mnasafiri kwenda nyumbani, funga koki kuu kisha fungua koki ya chini kabisa ya jengo ili mabomba yajimwage. Lakini hapa naomba utulivu: msiguse ile valvu ya maji ya kuzimia moto, yanayokwenda kwenye vichwa vidogo vya chuma vilivyoning'inia darini. Hiyo ina wenyewe, na kuifunga ni kuacha jengo bila kinga ya moto. Mabomba yale, kama yamejaa maji, yanahitaji angalau nyuzi 40 za Farenhaiti kila mahali yanapopita, hata kwenye ile stoo ya nyuma msiyoiwashia hita. Na kama jengo lina boila ya maji, muulizeni fundi wake kabla hamjafunga chochote.

Nigusie bima, kisha niende mbele. Bima nyingi za majengo ya biashara zinasema wazi kwamba hasara ya mabomba kuganda hailipwi kama hukujitahidi kuweka joto, au kama hukufunga na kumwaga maji. Dada yetu aliulizwa swali moja tu: themostati, kile kifaa cha ukutani cha kupangia joto, iliwekwa nyuzi ngapi? Alikuwa mkweli. Kilichofuata kilimtoa machozi, kwa sababu alikuwa amelipa bima ile mwezi kwa mwezi bila kukosa. Tangu hapo mimi nawaambia watu wangu: Jumamosi ukifunga, ipige picha themostati kwa simu yako. Picha ina tarehe, ina saa. Inakuchukua sekunde tatu.

Bomba limefika wapi? Haya, liendelee huko nyuma.

Jambo la pili liko juu ya vichwa vyetu, yaani paa.

Waliokuwa hapa mwaka 2010 hawajasahau Metrodome, uwanja wa ndani wa Minneapolis ambako timu ya Vikings ilikuwa ikicheza. Paa lake lilikuwa la kitambaa maalumu cha nyuzi za kioo, na kilichokuwa kinalishikilia juu ni hewa iliyosukumwa na feni. Tarehe 10 na 11 Desemba ikaanguka theluji ya zaidi ya inchi 17. Wafanyakazi walipanda kuiyeyusha na kuiondoa, lakini upepo ukawa mkali mno, wakalazimika kushuka. Jumapili ya tarehe 12, alfajiri, paa likapasuka. Kamera zilikuwa zimewashwa ndani, dunia nzima ikaona: kitambaa kinalegea, kinachanika, theluji inamwagika uwanjani kama unga kutoka kwenye gunia lililotoboka. Mechi ilihamishiwa Detroit. Hakuna aliyeumia, kwa sababu ilikuwa alfajiri na uwanja ulikuwa mtupu.

Mtaniambia, jengo langu si la kitambaa. Ni kweli. Basi niwapeleke Poland, mji wa Katowice, tarehe 28 Januari 2006. Ukumbi wa maonyesho, paa la chuma, na ndani wamejaa watu waliokuja kwenye maonyesho ya njiwa. Theluji na barafu vilikuwa vimelundikana juu, paa likaanguka jioni, watu wakiwa bado ndani. Watu 65 walikufa. Walionusurika walisimulia jinsi walivyokimbilia milango ya dharura wakakuta mingine imefungwa.

Watu 65, jamani. Walikuja kuangalia njiwa.

Hebu tupige hesabu pamoja. Theluji laini, mpya, ya futi moja, yaani kama sentimita 30, ina uzito wa karibu kilo 25 kwa kila mita moja ya mraba. Chukua duka la mita 10 kwa mita 20. Ni mita za mraba 200. Hizo ni tani 5 juu ya wateja wako, na hiyo ni theluji laini. Ikishindiliwa kwa majuma kadhaa, ikanyeshewa, ikaganda tena, unene uleule unaweza kuwa na uzito mara tatu yake. Na theluji haikai sawasawa. Upepo huipeleka kwenye kona, nyuma ya mashine za juu ya paa, kwenye ukuta wa jirani aliyejenga juu kuliko wewe. Upande mmoja una kiganja cha theluji, upande wa pili inafika kiunoni.

Kwa hiyo mwezi huu, kabla ya kitu chochote, tafuta mtu mwenye vifaa apande akasafishe matundu ya kupitishia maji juu ya paa. Hili silisemi kwa kupita. Paa nyingi za majengo yetu ya biashara ni bapa, na tundu la maji linaweza kuzibwa na mfuko mmoja wa plastiki na majani ya mwaka jana. Niliwahi kutoa humo kiota cha ndege, glavu moja ya mtoto na tope jeusi lililoshika umbo la tundu kama ugali ulioganda kwenye sufuria. Theluji ikiyeyuka mchana na tundu limeziba, maji yanakaa. Usiku yanaganda. Kesho yake theluji nyingine inakaa juu ya barafu. Hivyo ndivyo tani zinavyozaliwa.

Na ukiwa ndani, lisikilize jengo. Mlango uliokuwa unafunga vizuri ghafla unakwaruza fremu. Kibao cha dari kinaachia kinaanguka. Unasikia mlio wa kukatika juu. Usiagize ngazi! Usipande na beleshi! Toa watu nje kwanza, kisha piga simu. Duka litajengwa tena.

Jambo la tatu halionekani wala halinuki, na ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Sisi tuliokulia nyumbani tunazijua habari hizi. Ni nani hapa hajawahi kusikia msiba wa watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa? Asubuhi majirani wanagonga, kimya. Ile gesi iliyowachukua ni kaboni monoksidi. Ni gesi ileile inayotoka kwenye hita yako ikikosa hewa au ikizibwa njia ya kutolea moshi. Huku tumebadilisha jiko, gesi haijabadilika.

Nenda nje ya jengo lako, zunguka hadi ubavuni. Hita nyingi za siku hizi hutoa hewa chafu kupitia mabomba meupe ya plastiki yanayochomoza ukutani, wakati mwingine chini kabisa, usawa wa goti. Sasa theluji inaanguka. Gari la kusukuma theluji linakuja saa kumi alfajiri, dereva ana maegesho ishirini ya kusafisha, anasukuma lundo lote hadi ukutani kwako. Amefunika nini? Hajui. Na wewe hujui, kwa sababu hukuwahi kuzunguka huko.

Jumapili moja niliitwa kwenye jengo dogo la ibada. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa chumba cha nyuma, na mwalimu wao aliona kitu. Watoto wawili walisema kichwa kinauma. Kisha wa tatu akasema anasikia kutapika. Angeweza kusema wana njaa, au hawakulala vizuri. Mwalimu yule, Mungu ambariki, aliwaambia wote wasimame, wavae makoti, watoke nje, na akaenda madhabahuni kumkatiza mchungaji katikati ya mahubiri. Alimkatiza mchungaji! Zimamoto wakaja na kipimo chao, wakaamuru mtu asirudi ndani. Mimi nilipofika nilizunguka ubavuni nikakuta lundo la theluji refu kuliko mimi, na ndani ya lundo, tundu la moshi la hita ya zamani isiyokuwa na swichi ya kujizima. Nililichimba kwa mikono. Watoto wote wako hai, mmoja wao mwaka huu anamaliza sekondari.

King'ora cha gesi hiyo kilikuwepo ukutani. Betri zake zilikuwa zimetolewa kwa sababu kilikuwa kinalia lia.

Ndugu zangu, wekeni betri. King'ora kiwe kila ghorofa, na karibu na vyumba wanapokaa watoto na wazee. Pigeni kijiti chenye kitambaa chekundu kando ya tundu la moshi na kando ya mita ya gesi, ili dereva wa theluji aone. Theluji iliyo juu ya mita ya gesi ifuteni kwa brashi au kwa mkono, msiipige kwa beleshi. Umeme ukikatika mkawasha jenereta, ikae nje, angalau futi 20 kutoka mlangoni na madirishani. Isikae gereji hata kama mlango wa gereji uko wazi. Na tukiwa bado hapo nje, tazameni mlango wa nyuma. Mlango wa dharura hufungukia nje. Theluji ya kufika gotini inatosha kuufunga kuliko kufuli. Anayesafisha mlango wa mbele kwa ajili ya wateja asafishe na wa nyuma kwa ajili ya uhai.

Nipite haraka kwenye chumvi, maana najua wengi mna maswali. Chumvi ya kawaida ya barabarani huacha kufanya kazi baridi ikifika karibu nyuzi 15 za Farenhaiti, yaani kama 9 chini ya sifuri za Selsiasi. Chini ya hapo unamwaga hela. Tumia kalsiamu kloridi, au mchanga ili watu wasiteleze. Ondoa theluji kwanza ndipo umwage. Na msimwage kama mnapanda ulezi! Kikombe kimoja cha kahawa kinatosha njia ya gari ya futi 20, au vipande kumi hivi vya zege vya njia ya miguu. Chumvi haipotei, inaingia kwenye maziwa yetu haya, na kijiko cha chai kimoja kinatosha kuharibu galoni tano za maji. Mlangoni wekeni zulia refu, mtu apige hatua kadhaa juu yake kabla hajakanyaga vigae.

Sasa wapangaji, na najua ndio wengi humu. Mtaniambia, hayo yote ni kazi ya mwenye jengo. Huenda. Mkataba wako wa pango unasemaje? Umeusoma ule ukurasa, au ulisaini kwa furaha ya kupata funguo? Nimeona mikataba ambayo mpangaji ndiye anayetengeneza hita, ndiye anayesafisha njia, na akianguka mteja ni yeye anayeshitakiwa. Usome wiki hii. Usipouelewa, mtafute mtu akusomee, hapa ndani tunao. Kisha mwandikie mwenye jengo, kwa maandishi, si kwa simu: paa limekaguliwa lini, hita imesafishwa lini, nani anakuja kwenye theluji, na namba ya kumpigia saa nane za usiku ni ipi. Muulize kwa adabu, lakini muulize sasa. Januari mafundi wote wa jimbo hili wana kazi, na wewe utakuwa wa arobaini kwenye foleni.

Na mpangieni zamu jengo lenu. Wenye maduka matano kwenye safu moja mnaweza kupokezana: usiku wa baridi kali mmoja apite saa nne, aguse milango, asikilize hita, aangalie maji. Nyumbani tulikuwa na sungusungu. Tunajua kupokezana usiku.

Nimemaliza, chai naiona imeshafika. Kabla hatujakunywa, nilimuuliza mtunzaji wa ukumbi huu lile swali langu. Alinipeleka mwenyewe. Koki kuu iko chini ya ngazi, nyuma ya stoo ya viti, ina mpini mwekundu. Mpini ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukiukingamisha yamefungwa. Yale majengo ya zamani yenye koki ya gurudumu, lizungusheni polepole mwezi huu muone kama linazunguka. Likigoma msilivunje, mwiteni fundi sasa.

Twendeni tukaione, kumi kumi, pale ni padogo. Wazee watangulie. Na aliyebaki na kipande changu cha bomba, tafadhali akirudishe mezani, Jumanne nina mkutano mwingine.